Nilivyosimama kwa Wimbo wa Taifa Usioisha

Wacheni nicheke nanyi tu, maana tangu dada yangu Mwende aitoe hii story kwenye grupu ya familia, hapa Soko la Toi hakuna mtu ananiita Mutua tena, ni "Wimbo wa Taifa" tu, hata mama wa chapati. Aibu ni yangu, nimekubali, sasa sikieni vile ilikuwa kabla hamjaongeza chumvi.

Mwende anafanya kazi Italia, anamtunza shosho mmoja wa huko, bibi mzee mjane, na huyo shosho ndiye alisema mimi nije nimtembelee dada yangu (roho safi, lakini ana macho makali kama ya mwalimu mkuu). Niliahidiwa mambo mawili: mechi ya mpira, na show fulani ya kuimba. Ya kuimba niliisahau hapo hapo. Basi Jumamosi Mwende akanipigia simu akiwa kwa shosho, akaniambia, "Leo ni Arena. Wewe tangulia, tutakukuta ndani. Na uvae poa Mutua, usiniaibishe mbele ya shosho!"

Sasa mimi, mtu wa kuuza jezi, ukiniambia Arena nasikia mpira. Ningeuliza tu, "Huko Arena kuna nini?" Sikuuliza. Nilivaa jezi ya kijani ya timu yao, nikajipaka rangi ya kijani uso mzima mpaka masikioni, filimbi nikaificha ndani ya soksi, nikatoka.

Kufika, kweli ni uwanja, wa mawe, mkubwa, wa mviringo, watu wamejaa. Nikaona wanaume wamevaa suti na wamama wamevaa magauni marefu, nikajiambia hawa Wazungu wanaheshimu mpira, si kama sisi. Katikati hakukuwa na nyasi, kulikuwa na jukwaa lenye nyumba za mbao (nikajua ni burudani ya ufunguzi, wataitoa). Mara akaingia mzee amevaa nyeusi juu mpaka chini, kijiti mkononi, watu wakapiga makofi. Refa! Makofi yalipoisha na kila mtu akanyamaza kabisa, mimi nikatoa filimbi nikaipuliza kwa nguvu zangu zote.

Yule mzee aligeuka akanitazama. Nikampungia mkono.

Halafu muziki ukaanza, na jamaa mmoja mnene akatokea akiimba, mkono kifuani. Mimi nani nisiheshimu wimbo wa taifa wa watu? Nikasimama wima, mkono kifuani, macho mbele. Wengine wote wamekaa, nikawasikitikia, hawapendi nchi yao. Wimbo ukaenda, ukaenda, jasho likaanza kushuka na rangi, na nyuma yangu watu wakawa wanapiga kelele, "Seduto! Seduto!" Nikadhani ni jina la mchezaji. Nikageuka nikainua ngumi, nikapaza sauti pamoja nao, "Seduto!"

Hapo ndipo nikamwona Mwende amesimama kwenye ngazi na gauni jeusi, amemshika shosho mkono. Alinitazama, halafu akaanza kurudi nyuma pole pole kama mtu ameona nyoka. Nikamwita (na yale mawe yanabeba sauti, ukinong'ona inafika kwa jukwaa), "Mwende! Mwende! Timu zinaingia saa ngapi?"

Jamaa mnene akakosea noti ya wimbo.

Mwende alikuja mbio ameinama, akanivuta chini kwa jezi. "Seduto ni kaa chini, wewe! Hii ni opera, ile show ya kuimba! Mechi ni kesho!" Analia kabisa. "Umenimaliza. Huyu mama atanifukuza kazi leo." Nilitaka hayo mawe yafunguke yanimeze. Shosho naye akaja akaketi katikati yetu, na rangi yangu ikadondoka kwenye shali yake nyeupe, tone la kwanza, la pili.

Wakati wa mapumziko akatoa leso, akanishika kidevu, akanipangusa shavu, akasema maneno marefu.

"Anasemaje?" nikauliza. "Nirudi Kibera leo leo?"

"Anasema mumewe alikuwa analala kila akimleta hapa, miaka yote, na kukoroma. Anasema angalau wewe ulisimama." Halafu shosho akaanza kucheka, mabega yakitikisika, mpaka watu wa "Seduto" wakacheka pia.

Mwende bado ana kazi, asante Mungu. Lakini mimi niliapa. Siku hizi hata kanisani kule Kawangware, kwaya ikianza sinyanyuki mpaka nione safu tatu za mbele zimesimama zote, na za nyuma pia, na Pasta mwenyewe. Mke wa Pasta anadhani ni ugonjwa, ameanza kuniombea magoti yapone.