Mjane Aliyemfungia Mume Wangu Mlango

Kaka wa mume wangu alifia kwetu Nshamba, baada ya miaka mingi ya kununua samaki visiwani, huko Ziwa Viktoria. Alirudi amekonda hata kukaa kitako kulimshinda. Jina la ugonjwa hatukulitamka. Tulisema wavuvi wamemroga.

Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walimwambia mume wangu amrithi mjane. Nilikuwa jikoni namenya ndizi, nikamsikia akijibu, "Sawa, wazee." Alijibu upesi mno, na upesi ule ndio ulionichoma.

Ugonjwa haukunijia akilini. Nilifikiria shingo ya yule mwanamke, na kicheko chake kilichogeuza wanaume njiani. Mume wangu akaanza kupalilia kibanja cha mjane, shamba lake la migomba, kabla ya chetu. Akawa ananyoa ndevu siku za kazi. Akinunua samaki, aliye mnono anakwenda kule.

Siku hizo muuguzi mmoja, Mhaya mwenzetu, alikuja kutufundisha akina mama habari za kondomu. Tulicheka mpaka machozi. "Na katerero je?" mama mmoja aliuliza, akimaanisha ile raha ya kitandani tunayojivunia Wahaya. "Tuizike?"

Muuguzi naye alicheka, kisha akasema, "Tunaozika ni watu, mama."

Sikungoja mafundisho yaishe. Nilikwenda moja kwa moja kwa mjane, nikamkuta anaanika kahawa uani.

"Niachie mume wangu," nikamwambia.

Aliendelea kugeuza kahawa. "Mdogo wangu, jana alikuja. Nikamwambia kaka yake ameniachia ugonjwa, nausikia mwilini. Kama anataka kuingia, avae mpira. Akasema mpira ni wa malaya wa visiwani, si wa mke wa ukoo. Nikamfungia mlango."

Nilitegemea moyo utulie, lakini wivu ukazidi. Yeye, mjane, alimfungia mlango. Mimi niliyefunga naye ndoa kanisani sikuwahi kumkatalia, hata nikiwa na homa.

Wazee walimwita yule mjane mkaidi. Akarudi kwa wazazi wake, Kitendaguro, na huko akafariki kabla ya msimu mwingine wa kahawa. Kwenye mazishi mume wangu alilia kwa sauti, kilio ambacho hakumlilia hata kaka yake. Nilisimama nyuma yake na mtoto mgongoni, namwonea wivu maiti.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia, "Angekufungulia, ungemfuata."

"Najua," alisema, akatangulia.

Baadaye alikubali twende kupima Bukoba mjini. Tulikutwa salama sote wawili. Tumezeeka pamoja, wajukuu wamejaa uani, na ninajua fika ni nani aliyetuachia uhai huu. Lakini hadi leo mtu akimtaja yule mwanamke, mume wangu hushusha sauti, nami humtuma haraka akanikatie mkungu wa ndizi.