Nevena wa Kaunta ya Jibini

Nevena alikuwa ameshaamua kuacha kazi. Dada yake Galya, aliyekuwa akitunza wazee ughaibuni, huko Bologna, alimtafutia nafasi kama yake, ikabaki kumwambia meneja tu. Lakini Rumyana, meneja wa duka la vyakula alilofanyia kazi mjini Vidin, hakuwa mtu wa kuzungumza naye kirahisi. Tangu Nevena aanze kuuza jibini, salamu zao zilikuwa za kutikisa kichwa.

Asubuhi hiyo aliingia Bwana Bonchev, mwenye mkahawa wa kando ya mto, mnunuzi mkubwa kuliko wote. Alitaka jibini nyeupe, vipande vinene. Nevena akakata, akafunga. Bonchev akageuzageuza mfuko.

"Wewe umejifunzia wapi kukata? Zizini?"

"Umesema vinene, bwana."

Akamrushia mfuko usoni. Ukapasuka, maji ya chumvi ya jibini yakamwingia machoni.  Kwenye foleni, bibi mmoja akajifanya anachagua zeituni.

Rumyana akatoka stoo. Nevena, macho yakimwasha, akaanza kufungua aproni, maana yajayo aliyajua. Kwenye duka alilotoka, mteja alimwita mwizi mbele ya watu, na bado aliyelazimishwa kuomba radhi ni yeye.

"Omba radhi," Rumyana akasema.

Nevena akafungua kinywa.

"Si wewe. Namwambia yeye."

Bonchev akacheka, akidhani anataniwa. "Rumyana, unajua mimi nanunua kiasi gani hapa?"

"Najua. Kesho ukanunue kwingine."

Bonchev akatoka bila kuomba radhi, shingo nyekundu.  Nevena hakulia wala hakushukuru. Alimkodolea macho yule mwanamke kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Rumyana akampa taulo, akamsogezea kreti akalie, akashika kisu mwenyewe. Kumbe kukata jibini hakujui hata kidogo. Ilimvunjikia yote mikononi.

"Mwanangu," akasema yule bibi wa zeituni, "mimi nitamsubiri mwenzako apumzike."

Jioni Galya akapiga simu. "Umeshawaambia?"

"Bado."

"Wamekuongezea mshahara?"

"Wapi."

"Sasa unangoja nini huko, Nevena?"

Nevena akamsimulia.  Galya akasema taratibu, "Mimi huku nikimwagiwa supu, nafuta mwenyewe," akaaga.

Nevena hakwenda Bologna. Miezi ilipita ndipo mtunza stoo akamnong'oneza kwamba mwenye duka alimkata Rumyana marupurupu yake ya mwaka kwa kumpoteza Bonchev. Nevena akapigwa na butwaa upya, akaenda ofisini kumuuliza mbona hakusema.

"Ningekwambia ili iweje?" Rumyana akajibu bila kuinua macho. "Nenda, kuna watu kaunta."

Akaenda.