Aliyepiga Kelele Shambani

Masalu wa Mwamapalala alikuwa mkulima wa pamba mwenye mdomo mzito. Kwa miaka miwili alitaka kumwomba radhi kaka yake, Ngassa, lakini kila alipomkaribia maneno yalimkaukia kooni. Mwishowe aliyaandika. Alinunua daftari, akatunga hadithi ya ndugu wawili waliogombana siku maksai wao wa kulimia alipovunjika mguu mtaroni, kisha akamwita Ngassa aje kuisikiliza.

Ngassa alikuja. "Mwadila," alisalimia, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, kama mtu asiyekusudia kukaa sana.

Msomaji alikuwa Mektilda, mke wa Masalu, ambaye husoma masomo kanisani na haruki alama hata moja. Kila alipokuta alama ya mshangao alipaza sauti. Maneno ya kaka mkubwa yalikuwa nazo tatu tatu. Ya mdogo yaliishia na nukta, taratibu, kama ya padri.

"Ngoja kwanza, shemeji," Ngassa alimkatiza. "Huyo anayebweka ni mimi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, shemeji."

"Na huyu mpole ni nani? Siku ile Masalu alinifokea mpaka wachungaji wa ng'ambo ya mto wakaja kuangalia nani kauawa!"

Masalu alitazama vidole vya miguu yake. Ngassa alikuwa amekwishainuka, na akitoka mlango ule hatarudi tena.

"Mektilda, nipe kalamu," Masalu alisema.

Akaliweka daftari gotini. Alifuta alama zote za Ngassa, akazihamishia kwenye maneno yake mwenyewe: "Umeniulia ng'ombe!!!" Na pale kaka alipojibu, akaweka nukta tatu, kwa sababu siku ile Ngassa hakumaliza alichotaka kusema.

Mektilda alisoma upya. Kwa Masalu alipiga kelele hadi kuku wakatoka mbio. Akafika kwa Ngassa: "Aliteleza tu, mdogo wangu..." Akanyamaza.

"Hapo," Ngassa alisema polepole, "nilikuwa karibu kulia."

"Nilikuona, kaka. Ndiyo maana nikazidi kupiga kelele. Nisamehe."

Ngassa akaketi tena, safari hii akakivuta kigoda hadi mezani. Masalu akashusha pumzi kama aliyetua gunia la pamba.

"Shemeji," Ngassa alisema, "mpunguzie alama moja. Tatu ni nyingi, atakauka koo. Halafu tuletee maji ya kunawa."