Serrure mupya ya mulango wetu

Jambo bandugu mu Kristo, muko na afya?

Serrure mupya, ile kitasa ya kufunga mulango wa nyumba yangu, haikumaliza hata saa moja.

Fundi alikuwa ametuwekea mulango mupya wa mbao. Nilikuwa nafurahi, mais mama-mukwe akaokota chini serrure ya mulango wa zamani, akaniuliza:
"Mama Kavira, mutoto wangu akirudi, atafungua na nini?"

Bwana yangu alienda shamba kule Eringeti na ufunguo wa ile serrure ya zamani mufukoni. Hakurudi. Mwili hatukuona, donc matanga hatukufanya.

Fundi hakujua, akacheka:
"Si atapiga hodi, mama?"


Nikamuomba arudishe ile ya zamani, hata kama haifungi muzuri.

Sasa tumekaa na mama-mukwe, tunaangalia tundu ya ufunguo.

Munijibu upesi: ninyi mungeacha serrure gani?