Mkunga Kwenye Kisima cha Ubatizo

Kuna watu hapa Nyaramba ambao mpaka leo wakikutana nami hutazama mikono yangu kwanza, na siwalaumu, kwa sababu aibu ile ya mwanzoni mwa miaka ya sabini niliitafuta mwenyewe.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana, nimemchumbia Moraa, na nilikuwa na mkunga. Huyu samaki mrefu kama nyoka (sisi Wasabato hatumli, kwa hiyo hakuna aliyenionea wivu) nilimtoa mto Gucha ili niwaonyeshe wanafunzi, halafu nikamzoea, akawa anakula minyoo mkononi mwangu. Nikaamua kumjengea nyumba ya vioo: fremu ya chuma, vioo vya dirisha, mchanga chini, kipande cha chungu cha kujifichia, na kifuniko, maana mkunga hupanda akatoroka. Ijumaa jioni nilikuwa bado napaka paki, ile gundi nzito kama udongo, kwenye viungo vya vioo, jua likaanza kuzama, na likishazama Sabato imeingia, kazi basi. Paki mbichi, ndoo yake nayo imeanza kuvuja. Nikasema, si kuna kisima cha ubatizo nyuma ya kanisa, kimeshajazwa maji, alale humo, nitamtoa asubuhi na mapema.

Asubuhi nimekunja mikono ya shati, napapasa majini, mzee wa kanisa akatokea.

"Mwalimu, unavua samaki siku ya Sabato?"

Alikuwa anatania tu, maskini. Nikamwambia napima baridi ya maji, nikaondoka, nikajidanganya kwamba mkunga ametoroka.

Baada ya ibada ukaja ubatizo, na wa kwanza kuingia majini alikuwa mama yake Moraa. Sasa, kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, hata kumpa mkono hapana. Mimi tangu uchumba nikimwona anakuja nilikuwa napita njia nyingine. Mchungaji akainua mkono, akaanza, "Ninakubatiza kwa jina la..." na mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kuna nyoka mguuni."

Mchungaji ndiye aliyetangulia kutoka. Mama alibaki amesimama, hawezi kusogea, na mtu mmoja akaja mbio na panga, nami nikaona hapa mama wa watu atakatwa mguu. Nikaruka ndani na suti yangu (ya kuazima, lakini hayo tuyaache), nikasema, "Ni wangu, hana sumu," nikamfungua yule mkunga kwenye goti la mama mkwe kwa mikono miwili, kanisa zima likitazama. Yeye aliangalia paa la kanisa. Moraa aliniangalia mimi.

Mkunga nilimrudisha Gucha jioni ile. Nikatuma wazee kwao Moraa kuniombea msamaha, wakarudi mikono mitupu. Moraa mwenyewe ndiye aliyenieleza, tukitoka sokoni.

"Mama amemsamehe nyoka wako," akasema. "Mkono ndio unamshinda. Atakujaje kula kwako?"

Moraa aliolewa Itumbe, na karani wa kiwanda cha majani chai.

Tangu hapo kazi ambayo haitaisha kabla ya jua la Ijumaa kuzama siianzi, hata iwe kushona kifungo. Ile nyumba ya vioo ninayo bado, kuku hutagia humo. Paki ilikauka Jumapili, ikakauka vizuri sana.