Kaka Alipoanza Kusoma Kimya

Kwetu Bariadi kusoma ni sauti. Shule ya msingi ukikwama kwenye neno unachapwa, ukilipita unakaa, na mwalimu haulizi neno lenyewe lina maana gani. Nadhani naye alikuwa hataki kuulizwa. Kaka yangu hakuwahi kukwama, ndiyo maana akafika chuo kikuu. Mimi nilikwama mara nyingi, sasa niko kidato cha pili na makalio sugu.

Likizo ile kaka alirudi na mtihani wa Kiingereza wa kurudia. Akifeli huo, chuo basi.

Ndio msimu ambao wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuja na mizani zao. Walipima kwenye uwanja wetu, na watu wakisubiri zamu, baba alimwita kaka.

"Ng'wanone, mwanangu, hebu wasomee kidogo."

Kaka alisoma kitabu chake cha Kiingereza kama bomba lililopasuka. Wazee wasiojua hata neno moja walitikisa vichwa kama watu wanaokula nyama.

Jioni aliniambia siri yake. Mwalimu wa chuo aliwapa ukurasa, wakausoma, akawanyang'anya, kisha akauliza ukurasa umesema nini. Kaka hakuwa na kitu.

"Nimepita humo kama trekta lililoinua jembe," alisema.

"Shamba zima?"

"Shamba zima."

Mwalimu huyo aliwafundisha kusimama. Kabla ya kusoma, jiulize unajua nini tayari. Ukimaliza aya, funga kitabu, jisimulie. Ukipotea, rudi ulikopotelea. Kaka akanipa kazi ya kuuliza.

"Aya imesema nini?"

"Inahusu maji."

"Yamefanya nini?"

"Yapo."

"Hata mimi ningefaulu, dokta."

Alicheka, akarudia. Siku zikaenda hivyo. Akaanza kusema, "Hapa sijaelewa," halafu anarudi juu polepole, na akishuka tena anakuja na kitu mkononi. Kwangu ilikuwa ajabu. Msomi anasema hajaelewa na hakuna anayemchapa.

Lakini chumba kilikuwa kimya, na baba alisikia huo ukimya.

Siku ya kupima pamba akamwita tena. Watu walikuwa wengi. Kaka alisoma mistari michache, akasimama, akafunga kitabu kidole kikiwa ndani, akatazama juu.

"Soma," baba alisema.

"Nasoma, baba."

"Mbona husikiki?"

"Hapa sijaelewa. Narudi nyuma."

Jirani mmoja, ambaye mwanawe anauza samaki Lamadi, akauliza kwa upole wa kinafiki, "Kiingereza kimemkatikia?"

Watu walitazama chini. Mimi nikasema, "Baba, ndivyo wanavyofundishwa chuoni."

"Wewe nyamaza. Kufundishwa kusimama?"

"Ndiyo, mzee," kaka alisema.

Baba alikuwa ameuza ng'ombe wa ada kwa ajili ya ile sauti. Hakugomba. Alichukua kitabu, akakiweka juu ya marobota ya pamba kama kitu cha mtu mwingine.

"Mtu aliyeelewa hasimami," alisema. "Nauli ya kurudia kitu usichokijua sina. Kesho shambani."

Mama alijaribu kumbembeleza baba usiku huo; sikusikia maneno, nilisikia sauti yake ikiishia njiani. Kaka hakubishana. Na mimi, niliye na utani wa kila msiba, nilitafuta wa huo sikuupata.

Siku ya mtihani tulikuwa tunachuma pamba, yeye mstari wake, mimi wangu. Jua lilikuwa limeshapanda. Alinyoosha mgongo akatazama upande wa barabara.

"Sasa wameingia," alisema.

Nikamuuliza kama ana kiu. Akasema hana. Baada ya muda akasema, "Sasa wanagawa karatasi," akainama, akaendelea kuchuma. Nikasogea nikamsaidia mstari wake, kwa kuwa alikuwa amebaki nyuma.