Aliyenikumbuka Mnadani

Mwanamke yule akinialika kwenye harusi ya mwanawe, sitakwenda. Akifiwa, nitatuma rambirambi kwa simu, tena kwa maneno machache. Watu wa kanisani wananisihi nimsamehe, ati ni mtu wa kwetu, ati tulikimbia vita pamoja. Kwanza hatukukimbia pamoja. Yeye alitoka Uvira, mimi Bukavu. Tulikutana hapahapa Kampala, kwenye foleni ya kuandikishwa wakimbizi, akaniomba maji ya kunywa. Laiti ningalimnyima.

Mwaka ninaousimulia, binti yangu alikuwa amemaliza kusomea ushonaji. Karakana moja ya sare za shule huko Kasubi ilikuwa ikitafuta wasichana wawili, nikampeleka. Mwenye karakana, mama wa Kiganda mnene asiye na haraka, aliigeuzageuza sketi aliyoishona binti yangu, akavuta mishono kwa vidole, akaridhika. Kisha akanigeukia mimi.

"Nyabo, mutoto anajua kazi. Lakini hapa kila mutu nakuja na kyalaani yake. Alete Jumatatu asubuhi. Kama hapana, mimi nachukua mwingine. Iko wengi."

Ilikuwa Alhamisi. Cherehani hatukuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni mtaji wangu wa vitenge, pesa ambazo ningezitumia mwezi huo kuagiza mzigo, na hazikutosha kununua cherehani mpya dukani. Usiku ule binti yangu hakula, na mimi namjua mwanangu. Mwaka mzima alikuwa ameomba cherehani za watu, akisubiri wenyewe wapumzike ndipo aguse.

Dada mmoja wa kwaya akaniingiza kwenye kundi la mnada kwenye simu. Miaka hiyo kila mtu Kampala alikuwa akiuza kitu kwenye simu: friji, vitanda, viatu vya mguu mmoja na nusu. Ijumaa asubuhi ikawekwa cherehani nyeusi ya umeme, na meza yake. Muuzaji alisema mnada unafungwa Jumamosi saa kumi jioni na dau linaanzia laki tatu. Nikaandika laki tatu na nusu. Saa mbili zikapita bila mtu kusema neno. Nikaanza kupanga mahali pa kuiweka.

Ndipo akatokea mtu mwenye picha ya waridi jekundu mahali pa uso. Laki nne. Nikapanda kidogo, naye akapanda papo hapo. Nikapanda tena, akanyamaza. Alinyamaza mpaka Jumamosi mchana, nikashusha pumzi, kisha saa tisa akarudi na kupanda tena, na safari hii akaongeza maneno, kwamba fundi wake ameitazama picha na kumwambia mashine kama hii haipatikani tena mjini. Nikashikwa na hasira. Nilimchukia Waridi kama nilivyopata kuwachukia watu wachache sana, na mimi ni mtu nisiyeona taabu kuchukia. Nilipofika laki sita na nusu nilikuwa nimefika mwisho wa mtaji. Waridi akaandika laki saba. Saa kumi ikapiga.

Binti yangu alikuwa amekaa kando yangu tangu saa nane. Alisema, "Basi, Mama, si riziki yetu," akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Jumapili, tumetoka kanisani, muuzaji akaniandikia pembeni, nje ya kundi. Dada, habari za Jumapili. Yule aliyeshinda pesa zimemshinda. Wako wengine wanaoitaka, lakini nimekukumbuka wewe. Nakupa kwa bei yako ya mwisho, laki sita na nusu. Usiseme kwenye kundi. Tuma nusu sasa, nikuelekeze pa kuichukua.

Nilipiga kigelegele hapohapo barabarani. Binti yangu akanirukia shingoni. Nilikuwa nimeshafungua pesa za simu, nimeshaandika namba ya kwanza, ndipo kidole kikaganda. Nikausoma ujumbe tena. Pesa zimemshinda. Nimekukumbuka wewe. Maneno yale nilikuwa nayajua. Yalikuwa yangu.

Sasa hapa lazima niseme, na msinikunjie uso. Nilipoanza kutembeza vitenge sikutembea peke yangu. Nilikuwa nikiingia kwenye fleti za Bukoto, natandaza kitenge juu ya kochi la mwenye nyumba, namwacha akipapase. Baada ya dakika chache mwenzangu anapiga hodi, ati mpita njia, ameona mlango wazi, ameona rangi. Anakishika kitenge kilekile na kutaja bei ya juu. Hapo mwenye nyumba anakivutia kwake. Mwenzangu anapanda mara mbili upesi, ananyamaza, mwenye nyumba akianza kupumua anapanda tena, na safari ya mwisho anaongeza uongo mdogo, kwamba mtindo huo hauletwi tena. Mwenye nyumba akikataa katakata, mwenzangu "ananunua" na tunaondoka. Kesho yake narudi peke yangu. Mama, yule dada pesa zimemshinda, nimekukumbuka wewe. Na walilipa! Wengine walinipa na chai. Sikuwahi kuuita wizi. Tuliita kusukuma, na nikilala nililala.

Nikarudi kwenye kundi kuutazama mnada upya, dau kwa dau. Mara mbili upesi. Kimya. Tena, na uongo mdogo. Nikatazama minada ya nyuma. Waridi alikuwa kwenye friji, kwenye kitanda, kwenye pasi, daima nyuma ya mtu mmoja anayetaka kwa moyo wote. Kazi ile nilimfundisha mtu mmoja tu duniani. Miaka miwili nyuma alikuwa ameacha vitenge, akasema jua linamuua, akabadilisha namba. Nikachukua simu ya binti yangu, nikampigia Waridi.

"Aló?" ikaitika sauti iliyoniomba maji kwenye foleni. Nikakata.

Alikuwa akikaa Kamwokya, chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga, kila mtu wa kanisani kwetu anapajua. Sikumwambia binti yangu neno, nilimwambia tu twende tukachukue cherehani. Jua lilikuwa bado kali. Nilitembea mbele, naye nyuma akijaribu kunifikia, na njia nzima nilikuwa nikipanga matusi.

Alifungua mlango na kitenge kifuani, akatabasamu. "Yaya! Karibu, karibu!" Amekuwa akiniita dada mkubwa tangu siku ya kwanza. Nyuma yake, kando ya kitanda, kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa shuka.

"Waridi iko wapi?" nikamuuliza.

Hakukataa hata kidogo. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Yaya, kaa kwanza."

"Sikai. Kwenye ule munada tulikuwa batu bangapi? Sema."

"Weye na miye."

"Basi bei ni ile yangu ya kwanza. Laki tatu na nusu."

"Hapana, Yaya. Ulipanda weye mwenyewe. Nani alikushika mukono?"

"Namba yangu unayo! Ulijua ni miye!"

"Nilijua," akasema, na Mwenyezi Mungu ni shahidi, alicheka. "Nikasema, Yaya atajua hii kazi mara moja, atanipigia simu, tutacheka. Kumbe unapanda tu! Weye njo ulinifundisha, unasahau namna gani?"

Binti yangu akauliza, "Alikufundisha nini, Mama Mdogo?"

Nilimwambia anyamaze. Nikamwambia yule mwanamke naye anyamaze. Nikamtishia kwamba nitaandika kwenye kundi, nitaweka namba zake zote mbili hadharani, hatauza tena hata kijiko. Akakaa kitandani taratibu, akasema niandike. Naye atakwenda Bukoto, mlango kwa mlango, anawakumbuka wote, atawaambia wateja wangu yule mpita njia alikuwa nani. Kisha akamgeukia binti yangu, kwa upole, mtu anavyomsimulia mtoto habari za nyumbani, akamweleza. Kochi, hodi, kupanda mara mbili, kurudi kesho yake. Hakutia chumvi. Angetia chumvi ningemkanusha.

Mwanangu nilimlea kwa kumwambia kila shilingi ya ada yake imetoka miguuni mwangu. Nilikuwa nikimwonyesha nyayo. Nilisimama pale chumbani, mashine ya kusaga ikitetemesha ukuta, na nilimchukia yule mwanamke hata mikono ikaniuma. Kama ningekuwa na pesa za cherehani nyingine mahali popote mjini ningetoka. Sikuwa nazo, na kesho yake ilikuwa Jumatatu.

Binti yangu alisogea hadi kando ya kitanda. Alifunua shuka, akachomeka waya, akatafuta kipande cha nguo sakafuni, akakipitisha chini ya sindano. Akakigeuza, akavuta mshono kwa vidole, sawasawa na yule mama wa Kasubi.

"Inashona vizuri, Mama," akasema. Alisema akiitazama cherehani.

Nikalipa. Laki sita na nusu, zote, kwa simu, nikisimama. Yule mwanamke akasubiri ujumbe uingie, akausoma mpaka mwisho, kisha akainua godoro. Akatoa noti, akahesabu laki moja, akaninyooshea.

"Chukua, Yaya. Fungu lako."

Zamani, kila tuliposukuma, kilichozidi juu ya bei ya kweli tulikigawa, na theluthi ilikwenda kwa yule asiyeshika mali. Ndivyo nilivyopanga mwenyewe, nikaona ni haki. Sasa alikuwa akinigawia kutoka kwenye laki tatu alizoniibia mimi. Na alikuwa haniudhi makusudi, naapa; macho yake yalikuwa ya mtu anayefanya jambo jema. Ningeweza kumrushia usoni. Nilijua kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nilijua pia kwamba nyumbani hakuna mtaji, hakuna mzigo, na kwamba laki moja ni vitenge vichache vya kuanzia.

Nikapokea.

Nilipoinua kichwa binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, amekumbatia kichwa cha cherehani, akiutazama mkono wangu. Bodaboda alikuwa akipiga honi nje. Alitoka, akapanda nyuma na mashine yake mapajani, na mimi nikafuata kwa miguu pamoja na mtu wa kubeba meza.

Kazi aliipata. Jumatatu asubuhi mama wa Kasubi aliikagua cherehani, akamwonyesha pa kuiweka, na mwanangu yuko huko mpaka leo, sasa anafundisha wengine. Yule mwanamke ananisalimia kila Jumapili na mimi ninapita. Nyumbani tunaishi vizuri. Binti yangu ananipikia, hapandishi sauti, akipokea mshahara ananiwekea sehemu chini ya Biblia. Lakini nikirudi kutoka sokoni nikamwambia nyanya zimepanda, ananijibu, "Ndiyo, Mama," kisha anatoka uani kumuuliza jirani amezinunua kwa bei gani.